Mlangoni pa Nyumba Iliyofungwa

Somo: Luka 16:19–31

Ninazungumza nawe kutoka Garissa, ng'ambo ya mto Tana, mahali penye joto jingi na vumbi jingi, na penye watu wakarimu kuliko wanavyosimuliwa.

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya mbwa. Najua mmoja atacheka, na mwingine atasema, "Mchungaji huyu amekosa neno la kuhubiri." Nakuomba usifunge redio yako. Katika somo letu la leo mbwa wamo. Bwana Yesu mwenyewe aliwataja. Tajiri alikula na kunywa kila siku, na maskini Lazaro alilala mlangoni pake mwenye vidonda, na waliomsogelea walikuwa mbwa tu. Tutarudi kwa mlango ule. Kwanza nataka kukueleza habari ya mlango mwingine.

Huenda unakumbuka mwezi wa Januari mwaka 2020. Tarehe 13 mwezi ule watu wenye silaha walishambulia Kamuthe, katika kaunti yetu ya Garissa, wakawaua walimu watatu. Wiki zilizofuata walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera, wakahamishiwa sehemu nyingine za nchi. Siwalaumu hata kidogo. Nani angekaa? Katika kanisa letu viti vilibaki vitupu Jumapili moja baada ya nyingine. Kwaya ilipoteza sauti ya tatu nzima. Na shule za watoto wa majirani zetu zikabaki bila mwalimu wa hesabu wala wa sayansi, na watoto hao hawakuwa wamemkosea mtu yeyote.

Mmoja wa walimu wale alikuwa na mbwa jike, wa rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha. Mwalimu aliondoka alfajiri kwa basi, na mabega yake yalibeba alichoweza kubeba. Basi halichukui mbwa. Alimwachia jirani fedha kidogo za kumlisha, lakini jirani naye akahama baada ya siku nne. Nilipita njia ile nikienda kumtazama mgonjwa, nikamwona yule mbwa amelala mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Nilipita. Siku ya pili nikamwona palepale. Nilipita tena. Siku ya tatu niliona kwamba tumbo lake ni kubwa na mbavu zake zahesabika. Alikuwa na mimba, naye hakuwa akiondoka pale hata kutafuta maji, kwa kuwa alihofu kwamba mwenyewe atarudi asimkute.

Ndugu yangu, siku ile ya tatu sikuweza kupita, na nitakuambia kwa nini. Nilipokuwa kasisi kijana, katika parishi yangu ya kwanza, nilikuwa na mbwa wangu. Alinisindikiza kwenda mazishini na arusini. Nilipopata uhamisho, lori lilijaa vitu, na mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye parishi kubwa zaidi. Nikasema moyoni, "Mbwa atajitafutia." Miezi sita baadaye nilikutana na mama mmoja wa parishi ile ya zamani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, mbwa wako alikaa pale mlangoni majuma mawili. Tulimtupia ugali, hakula. Halafu hatukumwona tena." Nilifundishwa mambo mengi katika chuo cha theolojia, na namshukuru Mungu kwa walimu wangu wote. Lakini maneno yale ya mama yule yamenihubiria kuliko vitabu vingi.

Basi nilimfunga mbwa wa mwalimu kamba ya katani, nikamvuta hadi uwanja wa kanisa. Baada ya siku tisa alizaa watoto sita chini ya jukwaa la tangi la maji. Kazi yetu ilianza hivyo. Hatuna jina, wala hatukuitafuta.

Tuko watu wanne. Mimi, mama mmoja wa Umoja wa Mama ambaye hapo kwanza aliogopa mbwa, muuguzi mmoja kijana, na dereva mstaafu ambaye husema kwamba yeye hapendi mbwa, ila hakosi hata siku moja. Kila alfajiri, kabla ya sala ya asubuhi, mmoja wetu hupika uji wa unga wa mahindi katika sufuria kuukuu. Mwingine huenda kichinjioni kuchukua mifupa na mabaki ya nyama. Yule mchinjaji ni Mwislamu. Hatagusa mbwa, wala hatuombi aguse, lakini kila siku hututengea fungu letu katika ndoo yenye kifuniko na hataki malipo. Mabaki yale tunayachemsha vizuri sana, maana mbwa akila matumbo mabichi hupata minyoo ya tegu, na minyoo ile huweza kumrudia mwanadamu na kumletea uvimbe ndani ya ini. Kisha ni kutoa kupe, mmoja mmoja. Ni kufagia. Ni kujaza maji mara tatu kwa siku, kwa sababu jua la Garissa halina huruma, na maji tunayanunua kwa mkokoteni wa punda kama watu wengine wote.

Watoto wa mbwa hatuwatengi na mama yao kabla ya kutimiza majuma manane. Akitengwa mapema huwa mwoga au mkali maisha yake yote. Tunawapa dawa ya minyoo, na wakifika umri wa miezi mitatu daktari wa mifugo huwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Kisha tunawatafutia makao. Hapa mjini makao ni machache. Lakini ukifuata barabara kuu kuelekea Mwingi, kuna wakulima na wafugaji wanaosumbuliwa na nyani mashambani na fisi usiku, nao wahitaji mbwa. Dereva wetu mstaafu anajuana na madereva wa malori. Hutengeneza sanduku la mbao lenye matundu, na watoto wa mbwa husafiri usiku wakati wa baridi.

Hatumpi mbwa kila aombaye. Twauliza: Una kivuli? Nani atamlisha ukisafiri? Utamfunga mnyororo siku nzima? Na ukihama, utamfanyaje? Swali hili la mwisho naliuliza mimi mwenyewe, nami namtazama mtu machoni, maana najua jinsi lilivyo rahisi kulijibu kwa mdomo.

Sitaki udhani kwamba mambo yote huenda vizuri. Wengine hufa. Katika wale sita wa kwanza, wawili walikufa kwa kuhara kabla ya majuma matano, na yule mama wa Umoja wa Mama aliwazika nyuma ya kanisa, akaniambia nisimwambie mtu. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili mwaka 2024, maji ya Tana yalifunika barabara kati ya Madogo na mji wetu. Watu walivuka kwa mashua, na wengine walipoteza maisha. Wakati kama ule nani atazungumza juu ya sanduku la watoto wa mbwa? Tulikaa nao. Walikua wakubwa, wakatafuna mguu wa benchi la kanisa, na nikalazimika kueleza jambo hilo mbele ya halmashauri.

Naam, halmashauri. Hapa nataka kusema kweli. Katika ukame ule wa kutoka mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, mvua ilipokosekana msimu baada ya msimu, mifugo ilikufa kandokando ya barabara, na watu walikuja mlangoni kwangu wakiomba unga. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwaminifu ambaye namheshimu kama baba, alisimama katika mkutano akasema, "Mchungaji, watoto wa watu wana njaa, nawe unapika uji wa mbwa. Bwana atakuuliza." Watu wakanyamaza. Nami nilinyamaza, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki.

Nilimjibu hivi: "Baba, hakuna hata senti moja ya sadaka inayoingia katika sufuria ile. Unga ni wetu sisi wanne, na mabaki ni ya kutupwa. Lakini kama unaona nimempita mtu kwa ajili ya mbwa, nionyeshe mtu huyo, na leo nitaacha." Mzee alifikiri, kisha akasema, "Nitatazama." Na kweli alitazama. Kwa miezi miwili alikuja kila asubuhi kutukagua. Siku moja alikuja na kibuyu cha maziwa ya mbuzi yaliyoganda. Hakusema neno. Alikiweka chini, akaenda zake.

Ndugu msikilizaji, watu wengi hudhani kwamba huruma ni kama maji ya debe, ukimpa mmoja unampunguzia mwingine. Historia ya Kanisa letu haisemi hivyo. Huko London, mwaka 1824, kasisi mmoja Mwanglikana aliyeitwa Arthur Broome aliwaita watu wachache wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliacha kazi yake ya parishi kwa ajili ya chama kile. Fedha zikaisha, madeni yakazidi, naye akatiwa gerezani kwa madeni ya chama. Na miongoni mwa wale walioketi pamoja naye siku ya kwanza alikuwamo William Wilberforce. Jina hilo unalijua. Ndiye aliyepigana miaka mingi katika Bunge la Uingereza hata biashara ya watumwa ikapigwa marufuku mwaka 1807. Ndiye pia mmoja wa waliokianzisha chama cha CMS mwaka 1799, chama kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mtu yule yule aliyelia kwa ajili ya mtumwa katika merikebu alilia kwa ajili ya ng'ombe aliyepigwa sokoni. Moyo wake ulikuwa mmoja. Mtu aliyezoea kutopita husimama popote penye mateso, na aliyezoea kupita atapita popote.

Sasa nikueleze juu ya jirani yangu.

Ukuta wa kanisa letu na ukuta wa nyumba yake ni mmoja. Yeye ni mzee wa Kisomali, Mwislamu mcha Mungu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa kwetu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilijua jambo hili, na kwa hiyo tangu mwanzo tulizungusha wavu, tukaweka lango, ili mbwa wetu asiwe kero kwa mtu yeyote. Kumpenda mnyama hakunipi ruhusa ya kumdharau jirani.

Lakini alasiri moja kitoto cha mbwa kilipenya chini ya wavu. Kilikwenda moja kwa moja hadi barazani kwa mzee, kikanywa maji katika birika lake la kutawadhia, kisha kikalala juu ya mkeka wake wa kusalia. Nilisikia kelele za watoto. Nilipofika, mzee alikuwa amesimama na fimbo mkononi, wajukuu wakimzunguka, na kitoto kile kimelala fofofo.

Ndugu yangu, wewe unajua miaka tuliyopitia hapa. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa watu wakiwa katika ibada. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Katika mji kama huu, jambo dogo la mpakani si dogo. Nilitetemeka. Nikasema, "Mzee wangu, nisamehe. Kosa ni langu. Nitaleta birika jipya na mkeka mpya leo hii."

Mzee alinitazama kitambo. Kisha akasema, "Padre, birika litaoshwa, na mkeka utaoshwa. Dini yetu imetufundisha namna ya kuosha. Wewe mchukue mtoto wako, maana jua litamwua." Nikakichukua. Nilipokuwa nikiondoka akaniita, "Padre, keti."

Tukaketi. Akanisimulia kisa ambacho Waislamu hukipokea katika mafundisho ya Mtume wao. Kulikuwa na msafiri aliyeshikwa na kiu. Akashuka kisimani akanywa. Alipopanda akamkuta mbwa akilamba tope kwa kiu. Mtu yule akajiambia kwamba kiu aliyokuwa nayo yeye ndiyo aliyo nayo mbwa huyu. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Mungu akamsamehe dhambi zake. Watu wakauliza kama kuna thawabu hata kwa wanyama, wakajibiwa kwamba ipo katika kila chenye uhai. Mzee akamaliza akasema, "Kumgusa ni jambo moja. Kumwacha afe kwa kiu ni jambo lingine. Mimi sitamgusa, lakini naweza kukupa maji." Tangu siku ile kuna bomba lake la mpira linalopita juu ya ukuta wetu, na tanki lake likiwa na maji, letu nalo lina maji.

Nilirudi nyumbani nikitafakari. Mimi nilikuwa na Biblia yenye habari za Lazaro, na bado nilimpita mbwa wa mwalimu siku mbili.

Urafiki ule ulipata jaribio lake. Mwaka uliofuata mtoto mmoja mchunga mbuzi, wa miaka saba, aliumwa mguuni na mbwa koko karibu na jaa la taka. Muuguzi wetu alikuwa karibu. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, akampeleka mtoto hospitali siku ile ile, akapata sindano zake, na mama yake hakukosa hata siku moja waliyopangiwa. Mtoto yule yu hai. Nasema jambo hili kwa makusudi, kwa sababu yumkini mzazi mmoja anasikiliza. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, karibu hakuna aponaye. Lakini ukioshwa mapema na kupata chanjo mapema, unazuilika. Usiweke pilipili juu ya jeraha, wala majani, wala mafuta. Osha kwa sabuni na maji, kisha nenda hospitali, na umalize sindano zote.

Jioni ile vijana wa mtaa walikasirika. Walinunua nyama, wakatafuta sumu, wakasema usiku huo hautabaki mbwa hata mmoja, hata wa kanisani. Niliogopa. Nilimwendea jirani yangu. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo yake, tukaenda pamoja tukaketi na wazee chini ya mwarobaini. Yeye alizungumza kwanza. Aliwauliza vijana, "Sumu mkiitupa njiani, mbuzi hatakula? Mtoto hataokota?" Kisha mimi nikaeleza nilichojifunza kwa daktari wa mifugo: kwamba ukiwaua mbwa wa mtaa, wengine wageni huja mahali pao, nao hawakuchanjwa, na ugonjwa hauishi, lakini ukiwachanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Ndiyo sababu serikali yetu ilitoa mpango mwaka 2014 wa kuondoa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake.

Walibishana hadi usiku. Mwisho wakatupa majuma mawili. Daktari wa mifugo alikuja, na vijana wale wale waliokuwa na sumu ndio waliotuonyesha mbwa wanakolala. Walisimama mbali, wakielekeza kwa fimbo, nasi tukashika. Siku ile tulichanja mbwa 41. Nilirudi nyumbani nguo zimeraruka, nikiwa na furaha kama siku niliyowekewa mikono.

Ndugu msikilizaji, na turudi sasa kwa mlango wa yule tajiri. Angalia kosa lake. Bwana Yesu hasemi kwamba tajiri alimpiga Lazaro, wala kwamba alimfukuza. Alimwacha tu. Alitoka na kuingia kila siku, na macho yake yalimzoea mtu yule kama yanavyozoea kizingiti. Mbwa hawakuwa na mkate wa kumpa, wala dawa, wala shuka. Walikuwa na ulimi tu, wakatoa walichokuwa nacho. Mwenye vyote hakutoa kitu. Tajiri alipokuja kumtambua Lazaro kwa jina, palikuwa na shimo kubwa katikati yao, na wakati ulikuwa umepita.

Kwa hiyo leo sikuombi uanze kufuga mbwa. Pengine huna nafasi, pengine ni mwoga, na si kila mtu ameitwa kwa kazi ile. Nakuuliza neno moja tu: Ni nani aliyeachwa mlangoni pako? Umepanda cheo, umehama, umejenga mjini, na mama yako mzee amebaki kijijini akisikiliza kila gari linalopita. Ulimwambia mtumishi wa nyumbani, "Nitakuita," hukumwita. Rafiki aliyekusaidia siku za shida, sasa humjui. Mke uliyemwacha na watoto, ukaenda kutafuta kazi, mwaka wa kwanza ukaandika, mwaka wa pili ukanyamaza. Wapo wanaokaa mbele ya kufuli wakihofu kuondoka, usije ukarudi usiwakute. Ukiwa na simu mkononi leo, kabla ya jua kutua, mpigie mmoja wao.

Na kama ni wewe uliyeachwa, sikiliza vizuri. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya kwanza, anatufundisha kwamba Mungu alikusudia tangu zamani kutufanya kuwa wana wake kwa Yesu Kristo. Hakututafuta kwa sababu tulikuwa wazuri wa kutazamwa. Tulikuwa na majeraha na tulikuwa na hofu, na wengine wetu tuliuma mkono uliotulisha. Alitufuata hadi mlango ule uliofungwa, akatuleta nyumbani kwake, na gharama yake ilikuwa damu ya Mwanawe. Naye hapati uhamisho. Wala hatakuja siku ya kusema, "Watajitafutia."

Najua utapenda kusikia habari ya mbwa wa mwalimu. Yule hatukumtoa. Watoto wake wanne waliobaki walikwenda, mmoja kwa mkulima, wawili kwa wafugaji, mmoja kwa shule. Yeye alikataa kupanda lori. Mwaka mmoja baadaye simu yangu ililia. Alikuwa mwalimu, kutoka mahali pa mbali. Alizungumza juu ya kazi, juu ya watoto, juu ya mvua. Nikatambua kwamba kuna neno analizunguka. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Mchungaji, ulipata kumwona mbwa wangu?" Nikamwambia, "Mwalimu, yuko hapa miguuni pangu." Kwa muda sikusikia kitu. Kisha nikasikia mtu mzima akilia.

Nami nililia pia, kwa ajili ya mbwa wake na kwa ajili ya wangu.

Sasa ni mzee. Macho yake yana ukungu. Hulala penye lango la kanisa, na watu wakiingia kwa ibada humruka kwa heshima. Yule mzee wa kanisa aliyetuuliza swali la haki humsalimu kabla ya kunisalimu mimi.

Na tuombe.

Ee Bwana, Muumba wa vyote vyenye pumzi, tunakiri mbele zako kwamba tumepita milango mingi. Tusamehe. Wakumbuke walioachwa, wazee na watoto, wajane na wageni, na viumbe wako wasioweza kusema. Walinde walimu walioko katika hatari, na uwape watoto wa kaskazini mashariki walimu wa kuwafundisha. Bariki majirani zetu, wale tunaosali nao na wale tunaoishi nao. Utupe leo mtu mmoja wa kumrudia, na miguu ya kwenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kaa salama, ndugu msikilizaji. Na kama kuna kiumbe aliyelala mlangoni pako leo, usimruke bila kumtazama.